Nani aliyejenga? Swali la mtoto wa Gede na jibu lililo Zimbabwe

Mwezi uliopita niliwasindikiza watoto wa Gredi ya Sita wa shule moja ya huku kwetu kwenye magofu ya Gede. Tulipofika kwenye kaburi la mnara, mvulana mmoja mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake alinivuta shati akaniuliza: "Mjomba, hapa palijengwa na Waarabu ama na majini?"

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Mtoto yule alikuwa amenipa majibu mawili nichague, na katika yote mawili babu yake mwenyewe hakuwemo. Nilimjibu harakaharaka, kwa kuwa mwelekezi wetu alikuwa anatuita twende kwenye kisima. Nikamwambia waliojenga ni watu wa pwani hii hii. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa ndizi mbichi.

Jibu kamili ni refu, na ili nilitoe vizuri inabidi nikuhamishe, msomaji wangu, kutoka Gede. Tutashuka na pwani hadi Kilwa, kisha Sofala iliyo Msumbiji, halafu tupande bara karibu kilomita 400 hadi kwenye kilima kimoja cha mawe kusini mwa Zimbabwe. Huko ndiko swali la "nani aliyejenga?" lilikogeuzwa kuwa siasa, tena siasa ya kunyang'anyana nchi.

Mji wenyewe wageni huuita Great Zimbabwe, mimi nitauita Zimbabwe Kuu. Nilifika huko miaka kadhaa iliyopita kwa basi kutoka Harare hadi Masvingo, safari ya karibu kilomita 300, kisha nikachukua gari dogo kwa kama kilomita 30 hivi. Njiani nilimwuliza abiria mwenzangu, mama mmoja Mshona, maana ya jina hilo. Akasema, "Dzimba dza mabwe." Akataka kunitafsiria kwa Kiingereza, nikamzuia. Hebu lisome polepole nawe: dzimba, nyumba, dza, za, mabwe, mawe. Nyumba za mawe. Mtu wa Pwani ya Kenya hahitaji mkalimani hapo. Wapo Washona wanaosema asili yake ni dzimba woye, nyumba za kuheshimiwa, lakini hata hizo ni nyumba bado.

Ukifika, kitu cha kwanza kukuvuta macho ni kilima. Ni jabali la graniti lililoinuka kama mita 80 kutoka bondeni, limejaa mawe makubwa ya asili, mengine yamekaa juu ya mengine kama yaliyopangwa na mtoto. Katikati ya majabali hayo watu walijenga kuta. Hawakuyavunja majabali wala kuyaondoa. Ukuta unaanza penye jabali, unakwenda, unakutana na jabali jingine, unalikumbatia, unaendelea. Mahali pengine huwezi kusema kwa hakika kazi ya Mungu imeishia wapi na ya fundi imeanzia wapi. Njia ya zamani ya kupandia ni nyembamba, imepita kati ya miamba, na kuna sehemu ambapo mtu mwenye kitambi kama changu inabidi apite ubavuubavu.

Wazungu wa kwanza kufika waliita kilima hicho Akropoli, kwa kufananisha na Wagiriki, na wengi wakakiita ngome. Hadi leo utasikia watu wakisema "ngome ya kilimani". Jina hilo halikai sawa. Milango ya kuta hizo haina dalili ya kufungwa dhidi ya adui, na juu ya kuta hakuna mahali pa askari kusimama na kupigana. Wanaakiolojia wengi wameeleza kwamba kuta zilijengwa kwa heshima na faragha: kumtenga mkubwa na macho ya watu na kuonyesha uwezo wake. Hata sisi tuna mfano wa jina la namna hiyo. Kule Kilwa kuna Husuni Kubwa, na neno husuni limetokana na Kiarabu kwa maana ya ngome, ilhali jengo lenyewe lilikuwa kasri la sultani, lenye kumbi na bwawa la kuogea. Kumbuka jina hilo la Husuni, tutalirudia.

Juu ya kilima kuna nyua mbili kubwa. Ule wa magharibi inaaminika ndio uliokuwa makao ya mtawala. Ule wa mashariki ulikuwa mahali pa ibada, na huko ndiko walikosimama wengi wa ndege wa mawe waliochongwa juu ya nguzo. Ni jiwe laini la kuchongeka, aina ya lile wanalochonga jamaa zetu wa Tabaka kule Kisii. Ndege mmoja kati ya hao ndiye unayemwona leo kwenye bendera ya Zimbabwe.

Ukisimama juu na kutazama bondeni unaona Ukuta Mkuu, duara lisilokamilika vizuri, lenye mzunguko wa kama mita 250. Nilishuka nikaukaribia, nikaweka mkono. Mahali pengine umefika mita 11 kwenda juu, na unene wake chini unazidi mita 5. Hakuna saruji ndani yake, wala chokaa, wala udongo wa kushikiza. Ni jiwe juu ya jiwe. Kwenye sehemu moja juu kabisa mafundi wamepanga mawe kwa mapambo ya vipembe, kama ukili wa mkeka. Ndani yake kuna mnara wa mviringo wenye kama mita 10 za urefu, mpana chini na mwembamba juu. Watafuta hazina waliuchokonoa wakidhani umeficha kitu. Haukuficha kitu. Ni mawe matupu mpaka ndani.

Kazi hiyo ilifanywaje? Graniti ya nchi ile hubanduka yenyewe kwa tabaka, kwa sababu ya jua kali la mchana na baridi ya usiku. Mafundi waliharakisha kazi ya jua: waliwasha moto juu ya mwamba, kisha wakaupoza ghafla kwa maji, nao ukapasuka vipande bapa. Vipande hivyo vikagongwa hadi vikalingana. Kuta za mwanzo zina mistari inayopanda na kushuka, za baadaye zimenyooka kama zilizopigwa kamba. Kwa maneno mengine, unaiona kazi ikijifunza. Fundi aliyeletwa kutoka ng'ambo akiwa na ujuzi wote mkononi asingeacha nyuma yake makosa ya mwanafunzi. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha, lakini zipo nyingine.

Mji ulijengwa na mababu wa Washona, kwa vipindi, kati ya karne ya 11 na ya 15. Ulienea zaidi ya hekta 700. Makadirio ya wakazi yanatofautiana sana: kwa muda mrefu vitabu vilitaja watu 10,000 hadi 18,000, lakini watafiti wa karibuni wanashusha idadi hiyo. Pia tusijidanganye kwamba wote waliishi ndani ya mawe. Watu wa kawaida walikaa nje ya kuta, katika nyumba za udongo zilizobanana. Hata wakubwa, ndani ya kuta zao, walilala katika nyumba za duara za udongo uliochanganywa na changarawe, ambao Washona huuita dhaka. Mawe yalikuwa ua, udongo ndio uliokuwa nyumba. Mwanzilishi wa utajiri huo alikuwa ng'ombe, na mifupa iliyochimbuliwa inaonyesha kwamba wakubwa walichinjiwa wanyama wachanga wenye nyama laini. Halafu ikaja dhahabu.

Na dhahabu ndiyo iliyowaleta babu zetu katika habari hii.

Dhahabu ya nyanda zile za juu ilishuka hadi bandari ya Sofala, na kutoka Sofala ilipanda kwa majahazi hadi Kilwa, ambayo kwa wakati huo ndiyo iliyoshika biashara hiyo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba kutoka Kilwa hadi Sofala ni mwendo wa nusu mwezi, na kwamba vumbi la dhahabu huletwa Sofala kutoka nchi iliyo mbali mwendo wa mwezi mzima. Sultani aliyemkuta Kilwa alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hadi akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ni huyo huyo aliyejenga Husuni Kubwa. Ukarimu wake ulikuwa na chanzo, na sehemu ya chanzo hicho ilichimbwa bara, kwenye ardhi iliyoitii Zimbabwe Kuu.

Kilichopanda kutoka pwani nacho kimepatikana. Mwaka 1903, katika gofu moja la bondeni, ilichimbuliwa shehena iliyohifadhiwa pamoja: vyombo vya kijani vya Uchina, bakuli la Kiajemi, shanga kwa maelfu, kauri, matumbawe, nyaya za shaba na kengele za chuma. Hebu fikiria hayo matumbawe na kauri. Mtu aliyabeba mgongoni, hatua kwa hatua, mpaka mlimani kusikonukia bahari kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikapatikana sarafu. Ni sarafu ya Kilwa, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman.

Nitairudia hiyo sarafu. Kwanza nimalize kuhusu kuhamwa kwa mji, maana huku kwetu gofu lolote tunaliwekea laana.

Kufikia mwaka 1450 hivi, Zimbabwe Kuu haikuwa tena makao makuu. Wataalamu wanataja mambo kadhaa: malisho na kuni kuisha karibu na mji uliojaa watu, njia za biashara kuhamia kaskazini kuelekea mto Zambezi, na ugomvi wa kurithi kiti. Masimulizi ya Washona yanasema Nyatsimba Mutota alikwenda kaskazini kutafuta chumvi, na huko likaanza dola la Mutapa. Huwa nacheka nikikumbuka: mji wenye dhahabu unahamwa kwa kutafuta chumvi, kitu ambacho Gongoni wanakichota kwa majembe. Upande wa magharibi ukakua mji mwingine wa mawe, Khami, karibu na Bulawayo ya leo. Kabla ya Zimbabwe Kuu kulikuwa na Mapungubwe, kwenye kilima kilicho Afrika Kusini, maarufu kwa kifaru kidogo kilichofunikwa kwa dhahabu. Kwa hiyo ujuzi haukuanguka kutoka mbinguni wala haukutoweka. Ulitoka mahali, ukakaa mahali, ukahamia mahali.

Na hata neno "kuhamwa" lina walakini. Mtawala alihama, biashara ikahama, lakini watu hawakuisha. Koo za Nemanwa, Mugabe na Charumbira zimedai ulezi wa kilima hicho kizazi kwa kizazi, nyakati nyingine kwa kugombana zenyewe kwa zenyewe, na ibada za kuwaomba mizimu mvua zilifanywa pale. Wazungu walipofika walikuta watu wakiishi kwenye magofu. Waliwaona, wakaandika kwamba mji hauna mwenyewe.

Habari za majengo hayo zilikuwa zimefika Ulaya mapema. Mwaka 1552 Mreno João de Barros, ambaye hakuwahi kufika huko, aliandika kuhusu jengo la ajabu la mawe yasiyounganishwa kwa chokaa. Aliandika pia kwamba wenyeji walisema ni kazi ya shetani, kwa kuwa hawakuona kwamba binadamu angeiweza. Niliposoma hayo nilimkumbuka mvulana wa Gede na majini yake. Zaidi ya miaka 450 imepita na jibu ni lile lile. Aliyejenga hayupo kwenye orodha.

Mjerumani Karl Mauch alifika Septemba 1871. Alikata kijiti kwenye boriti ya mlango, akakinusa, akakilinganisha na penseli yake. Penseli ilikuwa ya mti wa mwerezi, na kijiti kilikuwa chekundu chenye harufu nzuri vilevile, basi akaamua boriti ni ya mwerezi wa Lebanoni, na aliyeileta ni Malkia wa Sheba. Kilima kikawa nakala ya hekalu la Suleimani, na ua wa bondeni ukawa nakala ya kasri aliloishi malkia huko Yerusalemu. Sifanyi mzaha, ndivyo alivyosema. Boriti ilikuwa ya mti wa kienyeji unaoota huko huko.

Mauch alikuwa amepotoka tu. Waliomfuata walikuwa na haja. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes iliivamia nchi ya Mashona, na mwaka uliofuata ikachangia gharama za Theodore Bent kuchimba Zimbabwe Kuu. Bent alichimba akapata vitu vya Kiafrika kila alipogusa, kisha akaandika kwamba wajenzi walikuwa watu wa kaskazini waliotoka Arabuni. Fikiria faida ya jibu hilo kwa Rhodes. Kama nchi ilijengwa zamani na Wafoinike au watu wengine kutoka mbali, basi Mwafrika aliyekutwa pale ni mpangaji, naye Mzungu si mvamizi bali ni mrithi aliyechelewa. Kampuni nyingine ilipewa kibali mwaka 1895 cha kuchimbua dhahabu kwenye magofu mengine ya nchi hiyo, na vitu vya mapambo vya karne nyingi vikayeyushwa vikauzwa kwa uzani.

Aliyeumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni Richard Hall, aliyewekwa mwaka 1902 kuyatunza magofu. Aliamua kuyasafisha. Alichota udongo uliokuwa na mabaki ya makazi ya Waafrika, akautupa, ili afikie wajenzi "wa kweli" aliodhani wako chini yake. Udongo huo ndio uliokuwa ushahidi. Kampuni ilimwondoa mwaka 1904 baada ya malalamiko ya wasomi, lakini udongo hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Ndiyo maana mpaka leo kuna mambo mengi ya mji ule ambayo hakuna jembe litakaloyapata.

Kilichofuata kingepaswa kumaliza mjadala. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akatamka kwamba kazi ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Walowezi wakakasirika. Mwaka 1929 akaja Gertrude Caton-Thompson na wasaidizi wawili wanawake, akachimba kwa uangalifu hasa chini ya kuta ambako hakuna aliyekwisha kugusa, akapata jibu lile lile. Walowezi wakakasirika tena. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, serikali yake haikutaka maandishi ya wageni yaseme wazi kwamba Waafrika ndio wajenzi. Peter Garlake, mwanaakiolojia aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale, aliondoka nchini mwaka 1970 kwa sababu hiyo, na mwaka 1973 akachapisha kitabu chake kuhusu mji huo akiwa nje. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 wapigania uhuru walikuwa wamekwisha kulichukua jina hilo kwa vyama vyao, ZAPU na ZANU. Aprili 1980 likawa jina la nchi. Sijui taifa jingine Afrika lililoitwa kwa jina la magofu yake.

Ndege nao walisafiri. Wanaojulikana ni wanane. Mmoja alichukuliwa mwaka 1889 na Mzungu aliyeitwa Willi Posselt, akauzwa kwa Rhodes, ambaye alimweka kwenye nyumba yake ya Cape Town. Wengine walipelekwa huko huko na Bent. Mwaka 1981 Afrika Kusini ilirudisha wanne, lakini haikuwarudisha bure: Zimbabwe ilitoa mkusanyo mkubwa wa nyuki, nyigu na siafu waliohifadhiwa kwenye makumbusho yake. Kwa hiyo nchi ililipa wadudu ili irudishiwe ndege wa bendera yake. Kipande cha chini cha ndege mwingine kilikuwa Berlin, kikachukuliwa na jeshi la Sovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kikarudi Ujerumani miaka mingi baadaye, na mwaka 2003 Ujerumani ikakikabidhi Harare, kikaungana na kichwa chake.

Sasa turudi nyumbani, maana hatuko mbali kama tunavyojidhania. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948 na ambaye tunamshukuru kwa kazi kubwa aliyoifanya, alishikilia kwamba majengo ya kale ya Afrika Mashariki si ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu. Aliyefanya jibu hilo liyumbe ni udongo, kama kule Zimbabwe. Pale Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulishuka tabaka kwa tabaka: chini ya msikiti wa mawe kuna msikiti mwingine, chini yake mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, katikati ya kijiji cha nyumba za miti na udongo. Kazi ikijifunza, tena.

Hapa nitawaudhi baadhi ya jamaa zangu. Wakoloni wa Rhodesia walilazimisha jibu la uongo kwa nguvu ya serikali. Sisi hatukulazimishwa na mtu. Wengi wetu tulilipenda. Tulipenda kusikia kwamba tumetoka Shiraz, tukasahau kumtaja bibi aliyekuwa ufuoni jahazi lilipotia nanga. Sisemi wageni hawakuja. Walikuja, wakaoa, wakasali nasi, wakatuachia maneno na majina, na mimi mwenyewe ninalo mojawapo. Ila kuna tofauti kati ya mgeni aliyeingia kwenye nyumba na mtu aliyejenga nyumba, hata kama mgeni alichangia mlango mzuri wa nakshi.

Gede iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Zimbabwe Kuu imo tangu 1986. Thimlich Ohinga, kule Migori, yenye kuta za mawe zisizo na chokaa kama za Zimbabwe, iliingia 2018, na wengi wa Pwani hawajapata hata kuisikia. Vibao vipya bila shaka vitawekwa Gede. Ombi langu kwa watakaoviandika ni dogo: swali la nani aliyejenga lijibiwe kwenye kibao cha kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kabla ya mtoto hajafika kwenye kaburi la mnara. Kule Zimbabwe wazee wa koo walilalamika miaka mingi kwamba serikali, hata baada ya uhuru, iliweka lango na tiketi kati yao na mizimu yao. Wazee wa kaya zetu wanaelewa lalamiko hilo bila kuelezwa mara mbili.

Niliahidi kurudi kwenye sarafu. Sarafu za Kilwa zilikuwa za watu wa Kilwa. Zilitumika visiwani na jirani zake, na ni nadra kuzikuta mbali. Dhahabu ya bara haikununuliwa kwa vijishaba hivyo, ilinunuliwa kwa nguo na shanga. Kwa hiyo mtu aliyeifikisha ile moja Zimbabwe Kuu hakuwa anakwenda kununulia kitu. Ilifika kama inavyofika noti ya shilingi hamsini kwenye mfuko wa suruali unayosafiri nayo ughaibuni.

Jumamosi iliyopita nilimkuta yule mvulana steji ya Gede na mamake, wakisubiri matatu ya Malindi. Nikawasalimu, nikamwonyesha picha ya sarafu kwenye simu, nikaanza kumweleza habari ya kilima na Husuni Kubwa. Matatu ikafika kabla sijamaliza. Mamake akaniomba niitume picha hiyo kwenye simu yake. Jioni yake nikapata ujumbe wa sauti, ni mtoto mwenyewe, anauliza kama wale wa Zimbabwe nao walikuwa na kisima.